Punje ya Utulivu

Bi. Hosiana Mchome alishuka kutoka milimani mpaka Same mjini kuja kumgombeza daktari wake, na alipofika akashindwa.

Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa, mkoba mapajani, akamtazama Daktari Naelijwa Mbwambo kwa macho ya upole kabisa. "Daktari," alisema, "nimekuja kukugombeza. Njia nzima nilikuwa na hasira hapa kooni. Nimeketi tu, imekwenda."

"Imekwenda wapi?"

"Mimi ndiye nikuulize wewe. Si wewe uliyenitia hili dudu?"

Alipandisha mkono wa blauzi. Juu kidogo ya kiwiko, chini ya ngozi, palikuwa na kivimbe kidogo kama punje ya mchele, na punje ndilo jina walilokipa wanawake wenyewe. Wilaya nzima, kila mwanamke aliyesumbuliwa na homoni zake alikuwa nayo. Ilionja damu mchana kutwa na usiku kucha. Ikiona estrojeni imeshuka inaongeza, ikiona imetosha inanyamaza. Hosiana alitolewa vifuko vya mayai kwa sababu ya uvimbe angali kijana. Kabla ya punje, alivunjika nyonga kwa kujikwaa tu kwenye kizingiti cha jiko lake. Baada ya punje, alikuwa akipanda mlima na furushi la tangawizi kichwani huku anaimba.

"Kwa hiyo mwili hauna neno," alisema Naelijwa.

"Mwili hauna neno. Mwenye mwili ndiye hayupo."

Hosiana alikuwa mwenyekiti wa ndiva ya kijijini kwao, lile bwawa la kukusanyia maji ya mlimani ambalo Wapare wamekuwa wakilichimba na kugawana zamu zake tangu enzi za mababu. Kugawa maji si kazi ya mtu mpole. Yuko mzee mmoja aliyewahi kufungulia maji kwenye zamu isiyo yake. Alipomwona Hosiana anakuja, alihamia kwa mwanawe kule Mwanga, akakaa huko mpaka alipopata habari kwamba mama amepoa. Sasa shamba kubwa la maua la tambarare lilitaka maji yote ya usiku, kwa miaka thelathini.

"Walikuja na karatasi zao, nikasema haya. Mimi! Nikasema haya, nikawamiminia na chai. Ijumaa tunatia saini."

Naelijwa alisogeza kisomaji cha punje karibu na mkono wa Hosiana. Juu ya kioo cha meza mistari ikatokea: estrojeni, projesteroni, na mstari mwembamba wa tatu wa homoni za kiume, yote imetulia. Chini yake palikuwa na mstari wa nne, usio na jina. Kabla ya mvua za vuli mstari huo haukuwapo.

"Hebu taja tena habari ya watu wa maua."

"Mashetani wale!" Mstari wa nne uliruka juu. Kisha, Hosiana hajamaliza hata kuvuta pumzi, ukalala chini. "Lakini nao wana watoto wa kulisha," akaongeza kwa sauti laini, halafu akaziba mdomo kwa kiganja. Macho yake yalimtoka. "Umesikia? Umesikia, daktari? Siyo mimi huyo!"

Naelijwa alihisi hasira inampanda kutoka tumboni. Ilifika kifuani, ikafika kooni, akafungua mdomo kusema neno zito. Kisha ikateleza, ikamtoka kama sabuni inavyoponyoka mkononi. Alibaki mdomo wazi, akijisikia vizuri tu, kama mtu aliyetoka kuoga.

Yeye naye alikuwa na punje.

*

Watengenezaji wa punje walikuwa na ofisi Dodoma na afisa wa huduma aitwaye Bi. Leokadia, mwanamke mwenye sauti tamu na uso usio na kunyanzi hata moja. Alitokea kwenye kioo akitabasamu.

"Hayo ni maboresho, daktari," alisema. "Punje sasa inatambua kemikali za hasira na za hofu. Ikiziona inaachia tulizo. Wateja wamefurahi sana. Hatujapata lalamiko hata moja nchi nzima."

"Hamjapata lalamiko kwa sababu mmewanyima cha kulalamikia!"

"Nasikia kama umekerwa, daktari. Subiri kidogo."

"Nisubiri nini?"

Leokadia alisubiri tu, mikono juu ya meza, kama mtu anayengoja maji yachemke. Na kweli, Naelijwa akasikia moyo wake unapunguza mwendo, mabega yanashuka. Leokadia akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Sasa tunaweza kuongea."

Waliongea. Hakuna lililomkera Naelijwa maishani kama mazungumzo yale, na hakuweza hata kukereka sawasawa. Je, mgonjwa mmoja aondolewe tulizo, abaki na homoni zake? Haiwezekani, maagizo ya punje hutoka kwenye kituo, kile kisanduku cha ukutani kliniki kwake, na kituo husema neno moja kwa punje zote za wilaya. Basi vidonge? Vidonge vya homoni viliacha kutengenezwa. Vibandiko vya ngozi? Hali kadhalika. Mgonjwa akitolewa punje? Ni hiari yake, alisema Leokadia, na mifupa ni yake.

"Ila wewe kama daktari wa kituo unayo haki ya kurejesha maagizo ya zamani. Kwa wote. Kwa dharura ya kitabibu tu, na ukiandika sababu. Baada ya hapo bodi itakuita ujieleze." Alitabasamu tena. "Lakini kwa nini? Wahenga walisema hasira hasara."

Wahenga walisema mengi, alitaka kumjibu Naelijwa. Badala yake akamshukuru kwa muda wake. Akamtakia na mchana mwema.

*

Kama mambo yangekuwa ya Hosiana peke yake, Naelijwa angelikiendea kisanduku saa ile ile. Lakini nyumbani alikuwako Kunda.

Kunda alikuwa mdogo wake wa tumbo moja, mwalimu wa hesabu, na hedhi ilimkoma mapema. Joto la ghafla na kukosa usingizi punje ilivimaliza ndani ya mwezi. Giza halikuisha. Mwaka jana wakati wa kiangazi Kunda aliacha kula, akaacha kuongea, na asubuhi moja Naelijwa alimkuta amekaa ukingoni mwa kisima cha nyuma ya nyumba, miguu imening'inia ndani. Dawa za sonona alizompa zilimsaidia nusu nusu. Kisha yakaja yale maboresho, na wiki ile ile Kunda akaomba ugali kwa maharage, akala, akaosha sahani, akarudi kufundisha.

Jioni hiyo Kunda alikuwa barazani akichambua mchicha. Naelijwa akaketi kando yake, akamweleza yote: mstari wa nne, ndiva, Ijumaa, kisanduku.

Kunda hakuacha kuchambua. "Usizime, dada."

"Ni maagizo ambayo hakuna aliyeulizwa, Kunda. Hata wewe hukuulizwa."

"Sikuulizwa. Sasa umeniuliza, nami nimekujibu. Usizime."

"Unajuaje kama ni wewe unayejibu? Kila unachoogopa kinafutwa kabla hujakiona."

"Na wewe unajuaje kama ni wewe unayeuliza?" Kunda aliinua uso, mtulivu, akatabasamu kidogo. "Sote tuna punje hapa. Mimi najua kitu kimoja: nilikuwa kisimani, sasa niko hapa na mchicha. Huyo mama amepoteza maji. Mimi nilikuwa nimejipoteza mwenyewe. Pima basi."

Naelijwa aliuliza kama angekubali kuhamishiwa kituo cha Korogwe, kwa shangazi yao, ambako tulizo lingeendelea. Kunda alikubali. Maombi yakapelekwa papo hapo kwenye kioo, na jibu likaja papo hapo: uhamisho wa punje huchukua wiki tatu.

Ijumaa ilikuwa keshokutwa.

*

Akaamua kuwauliza wote. Ndivyo mtu mwenye akili timamu afanyavyo, alijiambia: jambo la watu huulizwa watu. Kesho yake asubuhi ukumbi wa kliniki ulijaa wanawake, na waliokuwa mbali wakaingia kwa vioo vyao. Sista Eliwaza, muuguzi aliyefanya naye kazi tangu kliniki ifunguliwe, aligawa viti mpaka vikaisha.

Naelijwa alieleza kwa lugha nyepesi. Kuna tulizo ndani ya punje zenu. Hamkuulizwa. Linafuta hasira, linafuta hofu. Naweza kulitoa, lakini kwa wote pamoja.

"Wanaotaka litolewe, wanyooshe mikono."

Mikono ikanyooka ukumbi mzima.

"Haya. Wanaotaka libaki?"

Mikono ile ile ikanyooka.

"Jamani! Haiwezekani mtake yote mawili!"

"Sisi lolote tu, daktari," alisema mama mmoja wa mstari wa mbele kwa ukarimu. "Usijisumbue."

"Lakini nani ana sababu? Nani amepata shida na jambo hili? Mtu mmoja tu aseme!"

Wakamtabasamia. Kisha mwanamke mmoja mwembamba aliyefunga khanga ya njano akasimama. Jina lake Nietiwe. Alisema hajapata shida yoyote. Mumewe alioa mke wa pili mwezi uliopita, akamleta kwenye nyumba ileile ambayo Nietiwe aliijenga kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyewapikia wageni wa harusi pilau. "Pilau lilitoka vizuri sana," alisema. "Wote walisifu." Akaketi.

Hakuna aliyeguna. Wengine walitikisa vichwa wakimpongeza.

Naelijwa alitazama zile nyuso na hasira ikamjia kubwa kuliko zote. Aliisikia inakuja kama lori mteremkoni. Akashika meza kwa mikono miwili. Alijaribu kuishikilia, alijaribu kuigandisha kwa kufikiria lile pilau, yule bwana harusi, Leokadia na mikono yake juu ya meza. Ikateleza vilevile. Alichobaki nacho ni kumbukumbu tu kwamba palikuwa na kitu cha kukasirikia, sawa na mtu akumbukaye kwamba aliingia chumbani kuchukua kitu, asikumbuke ni kitu gani.

Watu walipoondoka alimwita Sista Eliwaza kwenye chumba cha upasuaji mdogo, akavua koti, akalaza mkono juu ya meza.

"Nitoe hii."

"Sasa hivi, daktari?"

"Sasa hivi, kabla sijakubali kuiacha."

Sindano ya ganzi, chale ndogo, koleo. Eliwaza aliidondosha punje kwenye sahani ya chuma, ikalia ting. Kwa saa kadhaa hakuna kilichotokea. Halafu, alasiri, akiwa anasoma majibu ya damu, joto la ghafla lilimpanda kutoka kifuani mpaka kwenye mizizi ya nywele, jasho likamtiririka mgongoni, na nyuma ya joto lile ikaja hasira. Safari hii ilifika kooni na haikuondoka. Alipiga ngumi mezani. Kikombe kikaruka. Alimtukana Leokadia, akawatukana watengenezaji, akamtukana mume wa Nietiwe kwa Kipare, lugha ambayo matusi yake hayana tafsiri, na mwisho akajitukana mwenyewe. Eliwaza alifunga mlango wa ukumbi ili wagonjwa wasisikie.

Alipomaliza, akakuta kwamba hasira haikuwa imemwambia la kufanya. Hilo ndilo lililomchosha zaidi. Alidhani akiipata tu, jambo lote litanyooka. Kumbe lilibaki vilevile, bovu pande zote mbili. Akiwaacha, hakuna atakayeweza kumwambia mtu hapana, wala leo wala kesho, na ndiva itakauka. Akizima, anawafanyia lilelile walilofanyiwa na watengenezaji: kuingia ndani ya miili yao bila ruhusa. Na katika wilaya nzima, mtu mmoja tu ndiye aliyemjibu waziwazi, kwa sentensi fupi isiyo na kona. Huyo alisema usizime.

Alisimama mbele ya kisanduku jua likiwa bado juu ya milima. Kioo kiliuliza sababu ya dharura. Akaandika: Wagonjwa wangu hawawezi kukataa. Halafu akabonyeza.

*

Alhamisi usiku ule alimlaza Kunda chumbani kwake, akamrudishia dawa za zamani za sonona, akakifunika kisima kwa mbao na mawe. Hakumficha alichofanya. Kunda alimsikiliza kwa utulivu uliokuwa bado umebaki kwenye damu, akasema tu, "Haya," akageukia ukutani.

Asubuhi wilaya iliamka.

Nietiwe alikuwa wa kwanza kufika kliniki. Alikaa kwenye benchi, akalia mpaka khanga ikalowa, kisha akaenda zake. Mchana zikaja habari kwamba vyombo vya mumewe vyote, na vya bibi harusi, viko barabarani, na sufuria la pilau limekutwa juu ya paa. Wengine walipiga simu. Wengine walikuja wenyewe, na hawakuja kushukuru.

"Nani alikwambia unizime?" alifoka yule mama wa mstari wa mbele. "Nilikuwa nimelala vizuri! Nilikuwa nimemsamehe mkwe wangu!"

"Niliuliza, mama, ukasema lolote tu."

"Na wewe daktari mzima ukalichukua hilo kuwa jibu?"

Naelijwa aliandika majina ya waliotaka tulizo lirudi na ya wasiolitaka, nayo yalikaribia kulingana. Akaahidi kuwapigania wale na hawa: kila mtu na maagizo yake, watengenezaji wapende wasipende. Wakamwambia ahadi hazijazi kibaba.

Hosiana alipiga simu saa tisa. Sauti yake ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyetoka kushangilia mpira.

"Hatukutia saini! Yule bwana wa maua ameniuliza mbele ya mkutano, eti, mama, leo umepima punje yako? Nikamwambia nimepima, imesema wewe ni mwizi. Wakarudisha karatasi zao mkobani. Watarudi, najua, lakini watanikuta." Akavuta pumzi. "Na sasa wewe. Nilikuja kwako niguswe mimi. Mimi! Nani alikutuma uwaguse wenzangu wote? Dada yangu wa kanisani hajaacha kutetemeka tangu alfajiri. Usinifanyie mema kwa mgongo wa mtu mwingine tena, unanisikia, daktari?"

"Nakusikia."

"Vizuri. Asante." Akakata simu.

Nyumbani, Kunda hakutoka chumbani siku ile, wala iliyofuata. Naelijwa alimletea uji, akaurudisha. Alimletea chai, akairudisha. Alimpa dawa na kuketi mlangoni mpaka azimeze. Siku ya tatu Kunda aliinuka, macho yamevimba, akasimama katikati ya chumba akiwa na gauni la kulalia, na akaongea kwa sauti ambayo Naelijwa hakuwa ameisikia kwa miaka.

"Ulitaka kusikia hasira yangu? Haya, isikie. Katika wanawake wote hao, mimi ndiye niliyekwambia hapana. Mimi peke yangu! Na wewe uliyekuwa unatafuta mtu wa kukwambia hapana, uliposikia ukapita juu yake."

"Kunda, maji ya watu—"

"Najua maji ya watu! Na pengine ulifanya sawa. Hilo ndilo linaloniuma. Pengine ulifanya sawa, na mimi ndiye niliyekuwa bei yake, na hukunitazama hata machoni wakati unailipa."

Naelijwa alitaka kumshika. Kunda alirudi nyuma hatua moja, na hatua ile ilimchoma Naelijwa kuliko maneno.

Hata hivyo siku zilikwenda. Kunda alikula kidogo, akalia sana, hakukaribia kisima. Uhamisho ulipokubaliwa, alifunga sanduku lake, vitabu vya hesabu chini na nguo juu, akaenda Korogwe kwa shangazi, ambako tulizo lilimsubiri. Hakutaka kusindikizwa. Barua ya bodi ilifika wiki hiyohiyo: Daktari Mbwambo asimame kazi mpaka atakapojieleza. Wanawake sita waliandamana mpaka kliniki kumtetea, na wanne kudai afukuzwe, na wote kumi wakagombana getini kwa sauti zilizosikika mpaka sokoni. Eliwaza alisema ni kelele nzuri. Naelijwa alisema zinamuumiza kichwa.

Jumapili moja mchana alimpigia Kunda. Alikwisha kuyapanga maneno yake: sikuomba ruhusa yako, na jibu ulilonipa nililitupa, sikuombi uniambie kwamba nilikuwa na haki. Kunda alitokea kwenye kioo, amenenepa kidogo mashavuni, nyuma yake kuku wa shangazi wanaparura. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Nimekusamehe, dada," alisema.

Alilisema polepole na kwa upendo, bila kunyanzi usoni. Naelijwa alimtazama machoni kwa muda mrefu, akitafuta nani aliyesema, mdogo wake au ile punje iliyo mkononi mwake. Hakupata jibu, na hakuwa na haki ya kuuliza. Joto lilimpanda tena kutoka kifuani. Akajifuta jasho kwa kiganja, akasema, "Asante," akamuuliza habari za shangazi.